Barua ya wazi kwa wasimamizi wa mazingira na maji Zanzibar: vijito vyetu vinapumua, na hakuna anayepima

Waheshimiwa mnaosimamia mazingira, maji, kilimo na elimu,

Assalaam alaykum. Nakuandikieni kutoka Wete, Pemba. Mimi ni mwalimu wa kemia katika skuli ya sekondari, na jambo hili nimekaa nalo moyoni Masika mbili kabla ya kushika kalamu. Naomba muisome barua mpaka mwisho, hata kama mwanzo wake ni vikombe viwili vya chai.

Nyuma ya skuli yetu kuna bonde, na bondeni kuna kijito. Hakimo kwenye ramani ya darasani, na mtu mzima anakivuka kwa hatua tatu. Kinaanzia kwenye chemchem chini ya shamba la mikarafuu, kinapita kwenye michikichi, kinaingia kwenye mpunga, halafu kinateremka mpaka kwenye mikoko na kupotea baharini. Asubuhi moja ya Masika niliwatuma vijana wangu wawili wakajaze chupa pale maji yanapochomoza ardhini. Niliwaambia waijaze pomoni mpaka shingoni, pasibaki hewa, na waifunge wakiwa bado wameizamisha.

Tulipofika maabara tukamimina maji kidogo kwenye kikombe cheupe, tukatia matone matatu ya ile dawa ya kupimia ukali wa asidi, ile inayokuwa ya manjano kwenye asidi na buluu kwenye magadi. Maji yakawa manjano. Kisha nikachukua kikombe cha pili nikafanya kama wafanyavyo mabibi zetu wakimpoza mtoto chai: kumimina kutoka kikombe hiki kwenda kile, mkono mmoja juu na mwingine chini, maji yakianguka kwa uzi mrefu. Mara kumi, mara ishirini. Manjano ikaanza kufifia. Tulipofika kama mara arubaini maji yalikuwa kijani. Hatukutia kitu. Tuliyamimina tu.

Binti mmoja wa kidato cha tatu akaniuliza, "Mwalimu, ile asidi imekwenda wapi?"

Waheshimiwa, asidi ile imekwenda hewani. Ilikuwa ni kabonidayoksaidi, hewa ukaa, iliyoyeyuka ndani ya maji. Maji yakiibeba kwa wingi huwa na ukali kidogo, na yakimwagwa na kupigwapigwa huiachia, kama soda inavyoachia ukiitikisa. Nilichokifanya kwa vikombe ndicho kijito kinachokifanya kila siku kinapoteremka juu ya mawe na mizizi. Kinapoza chai yake mchana na usiku, na hewa inayotoka humo inaingia angani bila ya mtu kuiandika.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila nilichokipata. Jambo hili si geni kwa wanasayansi. Mwaka 2013 Peter Raymond na wenzake walikusanya vipimo vya mito ya dunia nzima, wakakadiria kwamba mito na vijito hutoa angani kiasi cha tani bilioni 1.8 za kaboni kila mwaka. Maziwa na mabwawa waliyawekea tani bilioni 0.3 tu. Ukitaka kupata picha ya ukubwa wake, mafuta, makaa ya mawe na gesi tunayochoma wanadamu wote hutoa karibu tani bilioni 10 za kaboni kwa mwaka. Yaani mito, ambayo ni mstari mwembamba tu juu ya uso wa nchi, inapumua kiasi kinachokaribia moja ya tano ya moshi wetu wote.

Hapa lazima niseme wazi, maana najua barua kama hii inaweza kueleweka vibaya. Mto haufanyi kosa kwa kupumua. Sehemu kubwa ya hewa hiyo ni kaboni iliyovutwa na majani ya miti, ikashuka na majani makavu na mizizi, ikaliwa na wadudu na bakteria wa udongoni, ikarudi ilikotoka kwa njia ya maji. Ni mzunguko wa Mwenyezi Mungu uliokuwepo kabla yetu. Wasiwasi wangu uko kwenye kile tunachokiongeza sisi, na kwenye hesabu tunazoziandika kana kwamba njia hiyo ya maji haipo.

Hewa yote hiyo inaingia vipi ndani ya maji? Mwulizeni mchimba kisima yeyote wa zamani. Mzee mmoja wa kijijini kwetu, aliyechimba visima tangu ujana wake, hashuki shimoni kabla ya kuteremsha taa ya chemni kwa kamba. Taa ikizimika, naye hashuki. Husema, "Chini kuna pumzi nzito." Pumzi hiyo ni hewa yenye kabonidayoksaidi nyingi na oksijeni chache. Mizizi na vijidudu vinapumua gizani, na hewa iliyonaswa kati ya chembe za udongo huwa na hewa ukaa mara kadhaa, na mara nyingine mara mia, kuliko hii tunayoivuta juu. Mvua inaponyesha na kupenya, inapita katikati ya pumzi hiyo na kuizoa. Inapochomoza kwenye chemchem inakuwa imebeba mzigo.

Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 25, ikiachwa wazi mpaka iwe sawasawa na hewa ya juu, hubaki na miligramu 0.6 tu za kabonidayoksaidi. Katika ule mkusanyo wa 2013, kiasi kilichokutwa kwenye vijito na mito, kwa wastani, kilikuwa mara saba hivi ya hapo. Ziada yote hiyo lazima itoke. Ndiyo maana vijito vidogo vya mwanzo, vile vilivyo karibu na chemchem, hutoa hewa nyingi zaidi kwa kila mita ya mraba kuliko mto mkubwa uliotulia. Na visiwa vyetu, waheshimiwa, havina mito mikubwa. Tulicho nacho ni vijito hivyo hivyo.

Tafiti nyingi za karibuni zimefanywa kwenye mito ya nchi zilizo nje kidogo ya ukanda wa joto, kama kusini mwa China, kwenye maeneo yenye msimu wa mvua kubwa na msimu wa ukavu. Sisi tuko nyuzi 5 na 6 tu kusini ya Ikweta, kwa hiyo nambari zao si zetu. Lakini maswali yao ni yetu, kwa sababu na sisi maisha yetu yamekatwa na misimu: Kaskazi, Masika, Kipupwe, Vuli. Na jambo kubwa lililojitokeza kote walikopima ni kwamba hakuna nambari moja ya mto. Mto uleule hutoa kidogo leo na nyingi kesho, na sababu zake zinafahamika.

Chukueni mvua. Mtu angedhani mvua ikija maji yanaongezeka, basi hewa inachujuka. Mara nyingine ni kweli. Lakini mvua za mwanzo baada ya ukavu hufanya kinyume chake: zinasukuma nje maji ya zamani yaliyolala ndani ya udongo pamoja na pumzi yake, na zinaosha majani yaliyooza, samadi, na kila kilichosubiri. Mto unakuwa mzito wa kaboni siku chache, halafu mvua ikishika kweli unachujuka. Juu ya hilo kuna mwendo wa maji. Hata kama kila lita imebeba kidogo, maji yanapokwenda kasi na kujipiga huachia hewa upesi zaidi, basi jumla ya kinachotoka inaweza kupanda wakati kile kilichomo ndani kinashuka. Mto mmoja utakuta Masika inaongeza, mto wa jirani utakuta inapunguza, kwa sababu udongo wa juu yake, mteremko wake na watu wanaoishi kando yake ni tofauti. Huwezi kubahatisha. Lazima upime mto wako.

Jambo lililonishangaza zaidi ni usiku. Mchana, majani ya majini na ule utando wa kijani unaoteleza juu ya mawe hutumia jua kutengeneza chakula, na hivyo hufyonza kabonidayoksaidi ndani ya maji. Jua likizama kazi hiyo inasimama, lakini kupumua hakusimami. Kwa hiyo hewa inajikusanya usiku kucha na kufikia kilele karibu na alfajiri. Mwaka 2021 ulichapishwa uchunguzi wa mito 66 ya sehemu mbalimbali za dunia, uliogundua kwamba kinachotoka usiku kilizidi kwa wastani wa asilimia 27 kile ambacho mtu angekikadiria kwa vipimo vya mchana peke yake. Na vipimo vingi huchukuliwa lini? Saa nne asubuhi, afisa amekunywa chai, gari limepatikana.

Tulilijaribu wenyewe. Kwa idhini ya wazee wao niliwachukua wanafunzi wanane, na walimu wawili wa kike walifuatana nasi, tukakaa kwenye daraja dogo la bonde kuanzia alasiri mpaka baada ya adhana ya alfajiri. Kila baada ya saa chache tulichota, tukatia matone, tukalinganisha rangi na karatasi tuliyoipaka darasani. Saa tisa alasiri maji ya kule kwenye mpunga, mahali pasipo na kivuli, yalikaribia buluu. Saa kumi alfajiri, mahali palepale, yalikuwa manjano ya kutosha mtu kuyatambua kwa mwanga wa tochi. Palipo na michikichi mikubwa, rangi ilibadilika kidogo tu kati ya mchana na usiku, maana huko jua halifiki majini kwa nguvu hata mchana. Si utafiti wa kuandikwa jaridani, nalijua hilo. Lakini watoto wale waliuona mto ukipumua kwa macho yao, na hakuna kitabu ambacho kingewafundisha vile.

Miezi michache baadaye sehemu ya michikichi ile ilikatwa. Mradi mmoja wa kunyoosha mifereji ulipita, na kijito kikanyooshwa kama rula kwa urefu wa viwanja viwili vya mpira. Sitaji mradi wala mkandarasi, kwa sababu nia ilikuwa njema: maji yasizagae, mpunga usizame. Lakini kabla ya tingatinga kuingia hakuna aliyepima chochote, wala baada yake. Leo pale pana jua, pana joto, pana utando mzito wa kijani, na alfajiri samaki wadogo wanapanda juu kutafuta hewa. Tumebadilisha pumzi ya kijito na hatujui tumeibadilisha kwa kiasi gani.

Uchafu nao unaingia katika hesabu hii, tena kwa nguvu. Maji ya karo yakifika mtoni ni karamu kwa bakteria. Wanakula, wanatumia oksijeni, wanatoa kabonidayoksaidi, na oksijeni ikiisha wanatoa methani, ambayo kwa kuipasha joto dunia ina ukali mara nyingi zaidi ya kabonidayoksaidi. Mbolea inayochuruzika kutoka mashambani inalisha mwani, mwani unakufa, unaoza, na mzunguko unaanza upya. Sote tunajua magari ya kunyonya makaro huenda wapi baadhi ya usiku. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 1,889,773 katika visiwa hivi, na nyumba zinazidi kupanda mabondeni na kando ya vijito. Mto unaopokea haya haupumui tena kwa ajili ya majani makavu peke yake. Hiyo ndiyo sehemu ambayo ni yetu, na ndiyo sehemu ambayo sheria yetu ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 2015 inaweza kuigusa kesho asubuhi bila ya kusubiri mfadhili.

Kuna kitu kingine kwetu ambacho wenzetu wengi hawana. Nusu ya Unguja, upande wa mashariki na kusini, ni mawe ya matumbawe ya kale. Maji yenye hewa ukaa ni asidi dhaifu, na asidi hiyo inakula chokaa. Ndivyo mapango yetu yalivyochimbwa. Kijito kinapotoka kwenye udongo mwekundu na kuingia kwenye mawe, sehemu ya kabonidayoksaidi yake inageuka kuwa baikaboneti na kubaki ndani ya maji badala ya kuruka hewani. Vijito vingine vya Unguja havifiki baharini kwa juu. Vinamezwa na mawe na kuendelea na safari chini kwa chini. Kaboni yake inatokea wapi, pwani ipi, kwa kiasi gani? Swali hilo haliwezi kujibiwa kutoka Beijing wala London. Linahitaji mtu wa Mwera na mtu wa Makunduchi.

Na kuna mikoko. Mwaka 2007 Steven Bouillon na wenzake walichapisha vipimo vya mkondo wa mikoko wa Ras Dege, huko Bara, karibu na Dar es Salaam, ng'ambo ya maji yetu haya haya. Walipima maji yakijaa na yakipwa. Bahari inapojaa, maji safi ya kutoka nje yanaingia na hewa ukaa inakuwa chache. Bahari inapokupwa, maji yaliyokaa ndani ya tope, kwenye mashimo ya kaa na kati ya mizizi, yanachuruzika kurudi mkondoni yakiwa yamebeba pumzi ya tope lote. Kila mvuvi anayeijua harufu ya mkondo maji yakipwa anajua kwamba kuna kitu kinatoka pale. Sasa fikirini mkondo wa Mapopwe katika Ghuba ya Chwaka, au mikondo ya Pemba ambayo ina mikoko mingi kuliko Unguja, wakati wa bamvua ambapo bahari inapanda na kushuka zaidi ya mita 3 mara mbili kwa siku. Kipimo cha saa sita mchana maji yakiwa yamejaa kitakuambia jambo moja. Kipimo cha maji yakiwa yamekupwa kitakuambia jingine. Atakayekuja kupima mara moja na kuondoka ataandika kitu ambacho si kweli, hata kama chombo chake ni cha thamani.

Hapa ndipo ninapofika kwenye shida yangu, waheshimiwa.

Serikali yetu na washirika wake wanazungumza sana kuhusu biashara ya hewa ukaa. Tangu mradi wa HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili, ulioanza mwaka 2010, wanavijiji wa shehia nyingi wamefundishwa kwamba msitu na mikoko ni benki ya kaboni. Mimi naliunga mkono hilo, na nimewapeleka wanafunzi kwenye misitu ya Ngezi na Jozani kwa ajili hiyo. Lakini benki yoyote ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Tunapima unene wa miti, tunachimba tope na kupima kaboni iliyolala humo, tunaandika ripoti. Mlango wa maji hatuuangalii. Kaboni inayoingia kwa jani na kutoka kwa kijito au kwa maji ya kupwa haimo katika daftari. Siku moja mnunuzi makini atakuja na kuuliza, na tutakuwa hatuna jibu, na watakaopoteza ni akina mama wa kijijini walioacha kukata kuni kwa sababu waliahidiwa malipo. Au itakuwa kinyume chake: huenda sehemu kubwa ya kaboni inayotoka kwa maji ya mikoko inakwenda baharini ikiwa baikaboneti na kukaa huko muda mrefu sana, na sisi tunajipunja kwa kutoihesabu. Vyovyote vile, asiyepima atauza kwa bei ya mwenzake.

Mwaka jana nilikwenda katika ofisi moja nikiwa na daftari langu. Nilipokewa vizuri, nikapewa kiti, nikapewa maji. Nikauliza kama kuna kumbukumbu za ukali wa maji ya vijito, joto lake na oksijeni yake, kwa miezi yote ya mwaka, nipate kukisia hewa ukaa kutokana nazo. Kijana aliyenihudumia akanijibu kwa upole, "Mwalimu, sisi tunapima kama maji yanafaa kunywa. Ya mtoni hayamo kwenye fomu." Simlaumu yeye. Fomu hakuiandika yeye.

Naombeni fomu hiyo ibadilishwe.

Sihitaji maabara ya mamilioni. Ukiwa na joto la maji, ukali wake kwa maana ya pH, na kipimo cha magadi yaliyoyeyuka ambacho mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kukifanya kwa bureti, kemia ya kawaida itakupa makisio ya kabonidayoksaidi iliyomo ndani ya maji. Katika maji laini, yaani yasiyo na chokaa nyingi, na yenye rangi ya chai itokanayo na majani yaliyooza kama ya Ngezi, njia hiyo hukosea kwa kuzidisha, kwa hiyo huko lazima kutumika chombo kinachosoma hewa yenyewe. Kuujua mtiririko wa kwenda hewani kunahitaji kitu kingine kidogo: sufuria iliyopinduliwa kifudifudi juu ya maji, ikielea kwa maboya, na ndani yake kifaa cha kusoma hewa ukaa. Vifaa vidogo vya namna hiyo, vile vinavyotumika kupima hewa ya majumbani, watafiti wengi sasa wanavitumia mitoni, na bei yake ni ndogo kuliko simu ambazo wengi wetu tumezishika. Mafundi wetu wa mashua wataliunda boya hilo kwa asubuhi moja.

Kinachohitajika khasa ni uamuzi na subira. Chagueni sehemu chache tu: kijito cha juu chenye kivuli, kingine kilichofunguliwa kwa kilimo cha mpunga kama kule Cheju, mto wa Mwera pale kabla ya kufika kwenye mawe, kimoja kinachopokea maji machafu ya mji, na mkondo wa mikoko Unguja na mwengine Pemba. Tafadhali Pemba isiwekwe mwisho wa orodha, na isiachwe pale fedha zinapopungua, kama tulivyozoea kuona. Pimeni mwaka mzima usiopungua, Kaskazi mpaka Vuli. Pimeni alfajiri na alasiri. Kwenye mikoko pimeni kwa saa za maji, si kwa saa za ofisi. Na siku mvua ya kwanza ya Masika inapopiga, awepo mtu tayari, maana wiki ile moja inaweza kubeba sehemu kubwa ya hesabu ya mwaka.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina vijana wanaotafuta mada za kuandikia. Taasisi ya Sayansi za Bahari ipo visiwani humu humu, Unguja, na ina uzoefu wa maji ya mikoko kuliko sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mamlaka ya maji ina watu wanaokwenda kwenye chemchem kila wiki. Mamlaka ya mazingira ina sheria mkononi. Na skuli zipo kila shehia, na nyingi zina kijito nyuma ya uzio. Wengi wa watu hawa wamekwishalipwa mshahara. Kilichokosekana ni barua moja inayowaweka meza moja.

Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Alberto Borges walichapisha vipimo vya mito 12 ya Afrika kusini mwa Sahara, mto Kongo ukiwamo, wakaonyesha kwamba mito ya bara hili inatoa hewa nyingi na kwamba ardhi oevu, yaani vinamasi na misitu iliyosimama majini, ndiyo inayoilisha mito hiyo kaboni. Kabla ya hapo Afrika ilikuwa karibu tupu katika ramani za dunia za vipimo vya namna hii. Wataalamu wa dunia walilazimika kukisia pumzi yetu kutokana na mito ya watu wengine. Nilipoitazama ramani ya vipimo vyao nikatafuta visiwa vyetu kwa kidole. Hapakuwa na hata nukta moja.

Wakati mnafikiria hayo, kuna mambo mawili ambayo hayahitaji kipimo. La kwanza, msiruhusu kijito kinyooshwe au miti ya kando yake ikatwe kabla ya kuandikwa hali yake ilivyokuwa. Hata siku tatu za kuandika zinatosha kuanzia. La pili, magari ya makaro. Wekeni mahali halali pa kumwaga pande zote mbili, Unguja na Pemba, kisha simamieni. Mwenye gari akikosa pa kwenda usiku atakwenda mtoni, na nimewaona.

Wanafunzi wangu wa mwaka ule wamekwishamaliza. Yule binti aliyeuliza swali la asidi anasoma Unguja sasa, na kila akirudi likizo huniuliza kama kuna ofisi iliyojibu. Kundi jipya limeanza mwezi uliopita. Vuli itakapoanza tutakuwa darajani tena, alasiri na alfajiri, na vikombe vyetu na matone yetu, na safari hii tumepata kipimajoto cha kweli badala ya kile cha kukopa zahanati.

Daftari letu ni la kurasa 96, lina jalada la buluu, na linakaa kwenye kabati ya maabara, rafu ya juu. Afisa yeyote anayetaka kulitazama anakaribishwa siku yoyote ya skuli. Akipenda kwenda bondeni nitampeleka mwenyewe, ila aje na viatu vya kutia tope.

Wassalaam,

Mwalimu wa kemia, Wete, Pemba